Mistari Minne ya Wavu

...na kama angemkamata hapo, nyuma ya shingo, pale kola ya shati ilipoachana kidogo na ngozi, akamkamata kwa mkono wa kushoto tu na kumwinamisha juu ya hili jiko jeusi, uso kwenye wavu, hata dada muuzaji asingewahi kupiga kelele, maana muuza nyama ana miaka thelathini na mitatu ya kushusha nusu ng'ombe kutoka kwenye ndoano na kuilaza kwenye gogo bila kuhema, na huyu mkwe wake ni kilo sabini, sabini na mbili akiwa ameshiba, angelala kama ndama, "hili la kwanza ni la mkaa," alikuwa akisema dada muuzaji, msichana mwenye kadi ya duka kifuani na sauti ya mtu aliyeyasema haya haya mara tano tangu asubuhi, "na hilo la pili ni la gesi, halina moshi mwingi, unabonyeza tu linawaka," na mkwe akaitikia kwa ile sauti yake laini, laini kama mafuta ya figo, "sawa sawa dada, ila mtaalamu ni baba yangu huyu, mimi kazi yangu kula," akacheka, na dada muuzaji akacheka, kila mtu hucheka naye, mtaa mzima unamwita Mpole, Mpole hajawahi kugombana na mtu, Mpole husalimia hata paka, siku alipokuja kuposa muuza nyama mwenyewe alimwambia mkewe, mama, huyu kijana hata nzi hawezi kumuua, na mkewe akageuza kichwa kama kawaida yake ili alete lile sikio linalosikia, akauliza, unasemaje, akamrudia, nasema hata nzi hamuui, na kweli nzi hamuui, nzi amemkosea nini... "Baba, hebu shika wavu wake uone," mkwe akasema, na muuza nyama akaunyoosha mkono, akaushika, chuma baridi, kipya, kinanuka mafuta ya kiwandani, vijiti vimepangwa karibu karibu, karibu kuliko vile vya jiko lake, kwa sababu lile jiko la zamani, lile la pipa lililokatwa nusu, alilitengeneza yeye kwa mikono yake, akalichomelea miguu minne na kuupanga wavu kwa nondo nyembamba, nafasi ya dole gumba kati ya nondo na nondo, akawapa siku ya harusi yao, na watu wakampigia makofi, na ndiyo maana Jumanne binti yake alipokuja buchani na mikono mirefu ya blauzi katika joto lile, akainua mkono kupokea mfuko wa nyama juu ya kaunta, na ile nguo ikateremka hadi kwenye kiwiko, muuza nyama hakuhitaji kuambiwa ile ni alama ya nini, mistari minne, myekundu, imevimba na kung'aa, na kati ya mstari na mstari nafasi ya dole gumba, dole gumba lake yeye, alikuwa bado ameushika mfuko, wakaushika wote wawili, yeye upande huu na binti upande ule, "nini hii, mama," humwita mama tangu alipozaliwa kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, "nini hii," na binti akaivuta nguo ikafunika, "nilianguka, baba, lile jiko mguu mmoja umelegea, likayumba, nikaangukia," halafu akamtazama, akamtazama machoni kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama baba yake buchani wateja wakiwa wamejaa, akasema, "si unajua, baba, sisi kwetu huwa tunaanguka tu," akachukua mfuko akaenda, na mteja aliyefuata akasema nipe steki isiyo na mfupa, akampa yenye mfupa... "hili mfuniko wake mzito, unahifadhi joto," dada muuzaji anasema, na joto ni kitu anachokijua, anajua nyama na moto, mtu akigusa chuma cha moto kwa bahati mbaya hujirusha kabla akili haijapata habari, alama yake huwa mkwaruzo, fupi, imekwenda upande, lakini nyama inayotoka na mistari iliyonyooka, yenye kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni nyama iliyolazwa, ikakandamizwa, ikahesabiwa moja, mbili, tatu, ikaachwa pale mpaka aliyeishikilia akaamua imetosha, nani alimfundisha huyu Mpole kuhesabu, moja, mbili, na binti akilia au hakulia, pengine hakulia, pengine aliuma meno majirani wasisikie, tatu... Alhamisi alikwenda kwao wakati wote wako kazini, akaingia kwa mlango wa uani, akalipindua lile jiko, akaushika mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akalisimamisha, akalikalia kwa uzito wake wote wa kilo tisini na sita kama mzee mwendawazimu anayefikiri amepanda punda, halikuyumba, halikutoa hata mlio, kazi yake haijawahi kuyumba, na kwenye nondo ya pili kulikuwa na kitu kimekauka, kidogo, cheusi, ambacho hakukigusa kwa sababu alijua si cha ng'ombe. Na Ijumaa simu ikalia, Mpole, "baba, shikamoo, lile jiko lilimuumiza mwenzangu, limechoka, nimeona nimnunulie jipya la kiwandani, salama zaidi, kesho twende wote ukatuchagulie," na yeye akasema marahaba mwanangu, akasema ndiyo, twende, kwa utamu mpaka mkewe aliyekuwa akikunja nguo akainua macho, na asubuhi hii kabla hajatoka akapita buchani, akachukua kile kisu kifupi cha kutenganisha nyama na mfupa, akakizungushia kitambaa, akakitia mfuko wa ndani wa koti, kipo hapa, kinamgusa mbavu kila akivuta pumzi, na Mpole amesimama hatua moja tu mbele yake, ameinama kuangalia magurudumu ya jiko, amempa mgongo, amempa kila kitu, hapa chini ya sikio, hapa kwenye bega pale mfupa unapoachia wenyewe ukijua pa kupitisha ncha, hapa nyuma ya goti ambapo mnyama mkubwa kuliko wote hukaa chini kama mtoto aliyechoka, asingemwanzia kooni, hapana, angeanzia mkono, mkono ule ule uliokandamiza, angeufungua kiungo kwa kiungo mbele ya majiko yote haya, kifundo, kiwiko, angemuuliza, umeanguka, mwanangu, pole, ni jiko au ni nini, na sakafu hii nyeupe ya duka ingekuwa kama ya kwake saa tano ya asubuhi kabla haijapigwa maji, na dada muuzaji angekimbia, na wale wanandoa wanaochagua viti kule wangekimbia, na yeye angefuta kisu kwa kitambaa kama siku zote, na asingejuta, wallahi asingejuta, "la gesi ni zuri, ila mimi naona mkaa una ladha," Mpole akasema akiinuka na kujipangusa goti, "au siyo, baba," na mkono wa muuza nyama ulikuwa umeshaingia ndani ya koti, vidole vimeshagusa kitambaa, kitambaa kimeshaanza kufunguka, pale dada muuzaji alipouinua ule mfuniko mzito ili awaonyeshe kipimajoto, ukamponyoka, ukashuka wenyewe, paa!

Paa, na ile sufuria iligonga sakafu hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, ikazunguka, ikazunguka, ilichukua muda mrefu sana kutulia, jikoni kwake, mchana wa Jumapili moja, miaka ishirini iliyopita, wageni ndio kwanza wametoka, na kosa lilikuwa nini, kosa lilikuwa kucheka, alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyomkamata fahali aliyekatika kamba, na mkewe akasema, eh, baba watoto, si fahali, alikuwa mtamba, tena mgonjwa, wageni wakacheka mpaka wakashika matumbo, na yeye akacheka pamoja nao, akawasindikiza hadi njiani, akarudi, akaingia jikoni bado ana tabasamu usoni, na akampiga, kofi, siku zote amejiambia kofi tu, mwanaume gani hajawahi, kofi moja, lakini huu mkono, huu unaoshusha nusu ng'ombe bila kuhema, huu haujui kofi, mkewe alikwenda chini na sufuria na meza ndogo na vikombe, upande wa kushoto ukagonga ukingo wa ukuta, na alipoinuka damu ilikuwa inatoka sikioni, nyembamba, bila haraka, na mlangoni alikuwa amesimama mtoto wa miaka sita, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akitazama, hakulia, akitazama tu, na yeye, baba, akamwambia nini, alimwambia... alichuchumaa mbele yake, akamvalisha ile soksi ya pili, polepole, akamwambia kwa sauti laini, "mama ameanguka." Ameanguka. Akamwambia na daktari hivyo hivyo, ameanguka, akaliambia kanisa zima na ukoo mzima, ameanguka, sakafu ilikuwa na maji, na mkewe akasema ndiyo, maji, na baada ya wiki yeye akaenda dukani, Mungu wangu, akaenda dukani akamnunulia mkewe jiko jipya, la gesi, lenye sehemu mbili za kupikia, la kwanza mtaani kwao, watu wakaja kuliona, na aliyekuja kumsaidia kuliingiza ndani ni baba mkwe wake, mzee wa watu, fundi wa viatu, sasa marehemu, aliushika upande mmoja na yeye upande wa pili, wakasimama mlangoni wakitafuta namna ya kulipitisha, na mzee akamwona binti yake amefungwa bandeji kichwani, akaiona bandeji, akamtazama mkwewe juu ya lile jiko, akamtazama muda mrefu, na muuza nyama akasema, inua kidogo upande wako, baba, na mzee akainua, akanywa chai, akaondoka, na miaka yote hii yeye amekuwa akisema yule mzee alimpenda, hakuwahi kumwambia neno baya hata moja... alikuwa na nini mfukoni siku ile, yule mzee, wale mafundi wa viatu wana visu vifupi vyenye ncha, alikuwa na nini mfukoni na alikipeleka wapi alipokwenda, alikufa nacho? "Pole sana wazee wangu, mkono umeteleza," dada muuzaji anasema, ameshika kifua, anacheka kwa aibu, na Mpole anamwambia hakuna neno dada, hayo ni ya kawaida, umemshtua tu baba yangu, mwone alivyobadilika, na ni kweli amebadilika, jasho linamtiririka mgongoni ndani ya koti, vidole vyake vimekiachia kile kisu na kisu kimekuwa kisu tu, chuma cha kazi, kizito bure, kwa maana angemuua huyu, angemuua kabisa na kisha watu wangesema nini, wangesema baba yule alimpenda mwanawe, wangemsimulia kwa miaka, na yeye angekaa gerezani na jina zuri, na ile Jumapili ingezikwa pamoja na Mpole kwenye shimo moja, nyani haoni kundule, na binti yake angebaki amesimama mlangoni kama siku ile, akitazama wanaume wakipiga kitu, sisi kwetu huwa tunaanguka tu, hakuwa anamficha mumewe, masikini, alikuwa anamwambia baba yake kwamba anamjua, alikuwa anamrudishia neno lake aliloazimwa akiwa na miaka sita, na yeye akampa mteja nyama yenye mfupa. "Baba, uko sawa?" mkwe anauliza, ameweka mkono begani kwake, mkono ule, na muuza nyama hakuukata wala hakuuondoa, aliutazama, kucha safi, pete, na akaona ni mkono kama wake alipokuwa na umri huu, na bado anamchukia, usidhani hamchukii, leo hii binti yake hatalala tena nyumba moja na mtu huyu, atamtoa, atakwenda naye polisi akiiacha ile mistari minne iseme yenyewe, atampigia simu kaka wa mkewe aje na gari wachukue vitu, yote hayo anayaona waziwazi, ni mepesi, nusu ng'ombe ni nzito kuliko hayo, lakini kabla ya hayo kuna nyumba mbili za kuingia, ya kwanza ni yake, ambako mke wake pengine sasa hivi anakunja nguo, atakaa upande wake wa kulia ili asilazimike kumrudia, maana neno la ile Jumapili akilirudia hataliweza, na ya pili ni kwa binti, naye atamfungulia mlango akiwa na nguo ndefu, na kabla hajamwambia funga vitu vyako, kabla hajamwambia neno lolote kuhusu mumewe, itambidi amwambie, mama, siku ile ni mimi, na akajaribu kuiona sura ya binti yake akilisikia hilo, akajaribu tena, hakuiona, hajui kama atalia au atamfungia mlango au atamuuliza kwa nini leo, kwa nini hukusema nilipokuwa na miaka kumi, ishirini, kwa nini ulingoja mpaka nikaungua, na yeye amesimama katikati ya majiko mapya, na akatambua kwa mshangao, kama mtu anayegundua kidonda mwilini mwake, kwamba katika dunia nzima hakuna mtu ambaye yeye humwogopa, si huyu, si polisi, si kifo, ila anamwogopa msichana mmoja wa miaka ishirini na sita, na kwamba atakwenda hivyo hivyo na hofu yake, "mzee," dada muuzaji anasema kwa upole, mkono wake umerudi juu ya mfuniko, "tuseme la mkaa, au la gesi?"