Mguu wa Fundi Kisigino

Skrubu ilitoboa soli ya kiatu cha baba, ikamwingia mguuni, naye akashinda nayo kutwa pale gereji akipiga soga na wateja. Mama ndiye aliyeona damu kwenye zulia jioni. Baba aliutazama mguu ule kana kwamba ni wa jirani, akasema, "Kumbe."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mama alimwambia, akaenda kuchemsha maji.

Sukari ilikuwa imemmaliza hisia nyayoni, na alikuwa amelificha jambo hilo kwa muda ambao Mungu pekee ndiye anayeujua. Kaka zangu wawili walitaka anyang'anywe funguo za gari siku hiyohiyo. Nikawaambia wasinichefue, baba si mtoto aliyeokota kisu. Gereji yetu ina sheria, na aliiweka yeye mwenyewe: gari halihukumiwi mpaka lijaribiwe mlimani. Basi naye akajaribiwe. Nitampima mimi, kwa kuwa ndimi niliyeachiwa gereji, tena simung'unyi maneno. Akishindwa, haendeshi tena. Baba alikubali haraka mno, nikajua anaogopa.

Gari lenyewe ni la spoti, viti viwili, gia za mkono. Alilinunua alipostaafu, mama akasema uzee umempanda kichwani. Kando ya gia kuna kitufe. Ukikiwasha, kila unaposhusha gia gari linajipigia resi lenyewe, yaani linajiongezea mafuta kidogo, injini inakwenda sambamba na magurudumu, na klachi inashika bila kushtuka. Baba alikiita Kiherehere, wala hakuwahi kukigusa. Kazi hiyo aliifanya kwa mguu wake wa kulia: vidole vinakanyaga breki, papo hapo kisigino kinadokoa pedali ya mafuta. Hata jina lake wateja walishalisahau. Kwao alikuwa Fundi Kisigino.

Tulipanda mlima asubuhi iliyofuata, vizuri tu, kwa sababu kupanda hakumsumbui mtu. Kazi ilikuwa kuteremka. Kwenye kona ya kwanza alitoka gia ya nne kwenda ya tatu, kisigino kikachelewa. Gari lilishtuka, matairi ya nyuma yakalia, nami nikajikuta nimeshika mlango.

"Barabara mbovu," akasema.

Lami ile ilikuwa mpya. Kona ya pili kisigino kilikandamiza badala ya kudokoa, injini ikapiga kelele za bure, gari likayumba.

"Baba."

"Nyamaza, nasikiliza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mguu ulikuwa haumwambii kitu, kwa hiyo alikuwa akiutafuta kwa masikio. Nilitamani nilie, lakini mpimaji halii, nikaangalia mbele.

Alisimamisha gari pembeni. Alibaki na mikono kwenye usukani, kisha akasema, "Kiwashe."

"Kiherehere?"

"Kwani humu ndani kuna kiherehere kingine? Ukijitoa wewe."

Nikakibonyeza. Kona iliyofuata alikanyaga klachi, akashusha gia, na injini ikapiga resi yenyewe, fupi na safi. Gari halikutikisika hata kidogo. Kona nyingine, hivyohivyo. Nilifurahi, sitaki kuficha. Kichwani nilikuwa nishaanza kuwapangia kaka zangu maneno ya kuwaziba midomo.

"Umefaulu, mzee wangu!"

Hakucheka. "Kinapiga vilevile nilivyokuwa napiga mimi," alisema. "Hakikosei hata kidogo."

Sauti yake ilinikata maini.

Tukakunja kona, na mbele yetu kulikuwa na lori la kokoto likijikokota. Baba aliinua mguu kwenda kwenye breki. Halafu akaacha kutazama barabara. Aliinamisha kichwa, akautafuta mguu wake kwa macho, auone umetua pedali gani.

"Breki, Baba!"

Breki zilishika. Tulisimama tukiwa tumeachana na lori nafasi ya mtu kupita ubavu. Lile lori likaondoka zake, dereva wake hajui lolote. Baba alisogeza gari pembeni polepole.

Mimi, nisiyemung'unya maneno, nikasikia mdomo wangu unasema, "Lilikuwa katikati ya njia. Yeyote angeshtuka. Utazoea tu."

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

"Hiki kidude chenu," akasema, "kinajua na kukanyaga breki?"

Nilitazama kitufe, nikamtazama yeye. "Hapana, Baba."

"Haya."

Akazima injini. Akateremka, akazunguka gari huku ameshikilia boneti, akanifungulia mlango. Nilipohamia upande wa usukani, kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikawasha gari, na kabla sijaingiza gia akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Kizime. Nataka kusikia kisigino chako."

Nikakizima. Kwenye kona nilikanyaga breki, nikadokoa mafuta, nikashusha gia, na injini ikaitika.

"Umechelewa kidogo," akasema, akageuzia uso wake dirishani.