Fremu ya Katekista Renatus

Rangi ya kwanza kutoka ilikuwa ya kijani, ile ya milango ya kanisa. Chini yake bluu, chini ya bluu kahawia. Baba alikuwa katekista, na kila rangi iliyobaki kwenye kopo iliishia kwenye baiskeli yake. Zaidi ya miaka thelathini aliiendesha kutoka Tumati kwenda vigangoni, ameuinamia usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyembamba, isiyofaa kabisa kwa njia zetu. Akionekana kwenye kona ya Bashay sisi watoto tulikimbia kumpokea mkoba, tukigombania nani aisukume mpaka nyumbani.

Alifariki mwaka jana. Kaka zangu walichukua ng'ombe. Mimi niliomba baiskeli, nikapewa huku wakinicheka.

Likizo hii niliifungua yote ikabaki fremu tupu, nikaisugua kwa brashi ya waya na kitambaa cha mafuta ya taa. Siku ya tatu, kwenye bomba la chini ya siti, brashi ilifunua kitu: mstari na nusu duara, vimechongwa kwa tindo. Alama ya ng'ombe, kama ile ambayo kila mwenye mifugo huwachoma wake. Lakini haikuwa ya kwetu.

Nikamwita mama. Alikuja na ungo wake mkononi.

"Hiyo ni alama ya Qamara wa Balangdalalu," akasema. "Nilishasahau."

"Kumbe baba aliinunua kwake?"

"Nani kakwambia alinunua? Alipewa kutunza."

Maana yake niliijua. Kwetu mtu humpa rafiki ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na hupewa ndama, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, hata mtunzaji akifa. Sikujua kama baiskeli nayo inaweza kutolewa hivyo.

"Sasa baba alipaka rangi ili aifiche alama?"

"Baba yako alipaka rangi hata mpini wa jembe, Hilaria. Usimsingizie marehemu."

Kopo la rangi mpya lilikuwa miguuni pangu. Mikono miwili tu ya rangi, na fremu ingekuwa yangu. Mama hakusema nipake wala nisipake. Alirudi kupepeta mahindi, na hilo lilinikera kuliko kugombezwa.

Nilipaka fremu yote nyeusi, nikaiacha alama wazi. Nikarudisha magurudumu na vingine vyote, nikaifunga juu ya basi la Balangdalalu.

Mzee Qamara alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mguu mmoja ameunyoosha.

"Shikamoo babu. Mimi ni Hilaria, binti wa katekista Renatus wa Tumati."

"Marahaba." Macho yake yalishafika kwenye baiskeli. Aliipapasa alama kwa kidole gumba. "Nilipoumia goti nilimpa yeye. Nikamwambia, huyu hali majani, hatakusumbua. Miaka ya mwanzo alikuja nayo kila Pasaka, nimwone mnyama wangu. Baadaye tukachoka wote. Yeye yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana, babu."

Akagonga tairi kwa fimbo. "Na hizi ni zangu?"

"Alinunua baba. Na siti, na cheni."

"Basi hao ni ndama, ni wenu. Fremu ni yangu. Utaondoka na ndama peke yao?" Akacheka. Mimi sikucheka. Mkono wangu ulikuwa umeushika usukani, haukutaka kutoka.

Aliuona. "Unajua kuiendesha, au unaiburuta tu kama mbuzi wa mnadani?"

Nikapanda. Nikazunguka uwanja wake, kuku wakitawanyika, mgongo ukiniuma kwa kuinama. Niliposhuka alikuwa anatazama pale nilipopita, si pale niliposimama.

"Baba yako alikuwa anapiga kona hivyo hivyo, kama anakimbia deni," akasema polepole. "Itunze. Ila ukiolewa usiihesabu kwenye vitu vyako. Na Pasaka uje nayo."

"Nitakuja, babu."

"Haya. Zunguka tena, basi bado halijafika."