Dibaji ya Bi Maureen

Kwa miezi mitano Serah alimwogesha Bi Maureen, akamvisha na kumpa dawa, bila kujua kwamba alikuwa mwandishi. Katika nyumba ile ndogo ya kutunzia wazee huko Champlin, Minnesota, fomu yake ilisema tu kwamba alizaliwa Kanada, ana miaka themanini na mitatu, na mikono yake inatetemeka. Siku moja ikaja barua kutoka Toronto. Macho ya mzee yalikuwa yamedhoofika, kwa hiyo akamwomba Serah amsomee. Kampuni ya vitabu ilitaka kuchapisha upya riwaya yake ya sita, na iliomba aiandikie dibaji fupi.

"Waambie sitaki," alisema Bi Maureen, akageukia dirisha.

Serah alirudi nyumbani New Hope akiwa na maswali tele. Mumewe, Muriuki, akamwambia si a-google tu jina lake. Ndipo alipojua kwamba mama huyo ambaye yeye humkatia nyama mezani kila siku aliandika riwaya sita na kupata tuzo mbili, kisha akanyamaza kabisa alipofika miaka arobaini na tisa. Hakuna mahali palipoeleza kwa nini. Serah akaiazima ile ya sita maktaba, akawa anaisoma ndani ya gari wakati wa mapumziko ya mchana mpaka chakula kinapoa.

Ilikuwa habari ya binti wa mji wa wakulima wa ngano, mwenye kigugumizi, aliyepiga kinanda kanisani. Alipata mimba bila kuolewa, akapelekwa kujifungulia kwa shangazi, na mtoto akapewa watu wengine. Serah alimtambua. Mezani kwa Bi Maureen kulikuwa na picha ya msichana ameketi kwenye kinanda. Ni Lorna, mdogo wake, aliyekuwa akiishi Apple Valley, mwendo wa chini ya saa moja, na hakuwahi kuja kumwona.

Kesho yake, akimchana nywele, Serah alikiri kwamba amekisoma kitabu. Akauliza kama Lorna alikasirika kwa sababu siri yake ilianikwa.

"Mtoto hakuwa wa Lorna," alisema Bi Maureen. "Alikuwa wangu."

Akaeleza polepole. Aliogopa kujiandika, akaona amvike yule binti wa kitabuni kigugumizi cha mdogo wake na vidole vyake vya kinanda, akidhani hakuna atakayegundua. Mji mzima ulimtambua Lorna, ukaamini mtoto alikuwa wake. Hata mume wa Lorna aliendelea kumhoji mkewe mpaka alipofariki. Lorna hakujitetea, maana angejitetea angemtaja dada yake. Tangu hapo Bi Maureen aliogopa kushika kalamu. Uzeeni alihamia Minnesota ili awe karibu na Lorna, lakini hakuwahi kupata ujasiri wa kumpigia simu.

Serah alisikia hasira kwa niaba ya mtu asiyemjua. Hata hivyo alimaliza kumchana, kisha akasema, "Mama, hiyo dibaji si ndiyo nafasi yako ya kusema ukweli?"

Iliwachukua siku nne, Bi Maureen akitamka, Serah akiandika kwenye laptop. Kabla ya kuituma dibaji Toronto, walimpelekea Lorna kurasa zake tatu.

Baada ya majuma mawili Lorna akaja, akitembea kwa fimbo, kurasa zikiwa zimekunjwa mfukoni. Alikataa chai. Aliketi, akahangaika na neno la kwanza mpaka likatoka.

"Umesahau kuandika nani alikubebea sanduku mpaka stesheni siku ulipopelekwa kwa shangazi."

"Wewe," alisema Bi Maureen, na machozi yakamtoka.

"Basi andika."

Serah akafungua laptop, akaongeza sentensi hiyo. Alitamani sana kuuliza habari za mtoto, lakini Lorna alimtangulia.

"Ulimwona kabla hawajamchukua?"

"Mpaka saa sita mchana. Alikuwa msichana."

Lorna akavuta kiti karibu, akataka kujua alikuwa na nywele za rangi gani.