Siku ya Dunia Ilipogeuka Msiba

Mimi nikipanga jambo, nalipanga mpaka wenzangu wanatamani kunikimbia. Siku ya Dunia ya chuo chetu cha ualimu hapa Nachingwea nilianza kuipanga mikorosho ikiwa haijatoa hata ua: kila kikundi nchi yake, bendera yake, chakula chake na ngoma yake. Nilikuwa mwenyekiti wa Klabu ya Uongozi, na klabu ile haikuwa ya kunywa soda. Tulijifunza kuendesha kikao, kumsikiliza mtu anayetuudhi, na kujua nani mwingine anaishi duniani zaidi yetu sisi na jirani zetu wa Masasi.

Mgeni rasmi alikuwa anatoka Dar es Salaam, kwenye shirika linalolea klabu kama yetu. Alikuwa akizunguka vyuo vya kusini kutazama siku hizo, na mwenyekiti wa klabu itakayomkuna zaidi angepelekwa Nairobi kwa ndege, kwenye mkutano wa viongozi vijana. Mimi ndege nimeiona ikipita juu tu. Niliitaka safari ile mpaka nikawa naiota.

Asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta Lani bwenini anapiga pasi. Jina lake hasa ni Lan, mwanachuo wa Vietnam aliyekuja kusoma nasi muhula mmoja. Sisi tulimuongezea herufi kwa sababu ulimi wetu haupendi jina linaloishia njiani. Alikuwa ananyoosha gauni refu la kwao ambalo angelivaa kucheza mbele ya mgeni rasmi. Nikasimama mlangoni nikimkumbusha ratiba, na yeye anapiga pasi mkono uleule wa gauni, anarudia, anarudia, mpaka harufu ya kuungua ikanifikia. Nikamnyang'anya pasi.

"Bibi yangu amefariki," akasema. "Mama amenipigia simu. Wanazika kesho. Mimi siwezi kufika."

Nikamwambia pole. Akatikisa kichwa, akalitazama gauni. "Tuendelee, Raudha. Nitacheza."

Kati ya yote aliyosema, sikio langu lilidaka lile "tuendelee", na nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikatoka nje. Uwanjani Habibu na wenzake walikuwa wameshawasha nyasi wanazipasha ngoma moto, wakijaribu mlio. Nikageuka kumtazama Lani dirishani. Ngoma ikipigwa, mabega yake yanashtuka. Ikipigwa tena, yanashtuka tena. Na bibi yule, alikwishanisimulia, ndiye aliyemlea tangu mdogo, mama yake akiwa kazini mjini.

Kijijini kwetu Nkowe, nyumba ya jirani ikifiwa, hata redio tunazima. Na huyu hakuwa jirani. Huyu alikuwa analala kitanda cha juu yangu.

Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ngoma nikamwambia Habibu azirudishe stoo. Imrani, katibu wangu, akaja mbio karatasi zikimpepea mkononi.

"Sista, unazingua! Mgeni rasmi yuko njiani, keshapita Ruangwa. Unafuta ngoma?"

"Lani kafiwa."

"Si kasema mwenyewe tuendelee?"

"Wewe ungesemaje, uko ugenini, watu wamekupikia wali?"

Akazikunja karatasi zake. "Raudha, hiyo ndege ni yako. Siyo yangu, siyo ya Lani. Umelijua hilo?"

"Nimelijua. Beba mikeka."

Alinung'unika mpaka kwenye ukumbi na kurudi, lakini alibeba mikeka yote, akashusha bendera zote kwa mkono wake bila mtu kumsaidia. Namshukuru Imrani mpaka leo. Kuna watu wanaokukubalia mdomoni na kukuachia kazi. Yeye alinibishia akafanya.

Kisha nikampigia mama yangu. Yeye na wanawake wenzake wa Nkowe walikuwa barabarani kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wanakuja na masufuria kutupikia vyakula vya mataifa. Nikamweleza. Nilisikia akiwageukia wenzake, "Jamani, tunakwenda msibani," kisha sauti za kushangaa, kisha kimya cha watu wanaofunga khanga upya.

Tukamkalisha Lani kwenye mkeka ukumbini, wasichana wakamzunguka. Na hapo ndipo ulipoanza mtihani. Hakuna aliyejua la kufanya. Albina, mmoja wao, aliniuliza kwa kunong'ona tuombe kwa dini gani, nikamwambia kila mtu kwa yake, kimyakimya. Tukaomba. Tukamaliza. Lani amekaa kama mgeni aliyefika kwa makosa kwenye msiba wa watu wengine, uso mkavu, anamtabasamia kila anayeingia na kumpa pole. Wanawake wa Nkowe wakaingia, wakaketi, wakajaribu kulia kidogo kwa adabu, kilio kikagoma. Utamliliaje mtu usiyemjua hata sura? Nikaona nimeharibu pande zote mbili. Ngoma sina, na msiba nao umepooza.

Ndipo akaingia Teddy.

Teddy ni Mngoni wa Namtumbo, mwenzetu wa mwaka wa pili, mpole darasani kuliko kuku mgonjwa. Alikuwa amejifunga gunia kiunoni, amevaa suruali ya Imrani nje-ndani, amejipaka masizi usoni. Akapita katikati ya waombolezaji, akajitupa kwenye mkeka pembeni ya Lani na kunyoosha miguu.

"Sogeeni huko, Wamwera wachoyo nyie! Maiti wangu mmemficha wapi?"

Wanawake wa Nkowe wakacheka kwa mara ya kwanza. Wangoni ni watani wetu sisi Wamwera, na msiba wa kwetu bila mtani haujakamilika. Mtani ana ruhusa ya kukalia jiko, kuficha viatu vya wafiwa, kuwatukana, na juu ya yote kumwigiza marehemu.

"Huyu si Mmwera, wewe," mama akamchokoza. "Huyu katoka ng'ambo."

"Analala chumba cha nani? Cha Raudha. Anakula ugali wa nani? Wa Raudha. Basi ni Mmwera, na bibi yake ni mtani wangu." Akamgeukia Lani. "Haya. Alikuwa anatembeaje huyo kikongwe?"

Lani akanitazama kwa hofu. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba hatukanwi, kwamba huyu ni mtu anayekuja kumchekesha mfiwa ili mfiwa asife naye, na kwamba Teddy anataka kumwigiza bibi lakini hamjui. Lani akamtazama Teddy na masizi yake. Kisha akasimama.

Akainama mgongo, akaweka mkono kiunoni, akatembea kwa hatua fupifupi. Teddy akamfuata nyuma akiiga. Lani akasema, "Hapana, haraka zaidi, yeye alikuwa mkali," Teddy akaongeza kasi akagonga ukuta, na Lani akacheka, akashika mdomo, akashtuka kwamba amecheka.

"Na kazi?" Teddy akauliza. "Alikuwa anafanya kazi gani, au alikuwa mvivu kama hawa?"

Lani akatazama huku na huku. Mlangoni palikuwa na jiko la mkaa lililokwishapoa. Akalifuata, akachota majivu, akayapaka katikati ya vidole, kimoja kimoja, taratibu. Akachuchumaa. Mkono wa kushoto ukaweka kitu kisichoonekana, wa kulia ukakandamiza, vidole vikachokoa kitu kidogo kwa uangalifu na kukitupia pembeni. Akaweka kingine.

Mama yangu aliinuka kwenye mkeka. "Anabangua!" akapiga kelele. "Jamani, mbona bibi wa watu alikuwa anabangua korosho!"

"Ndiyo," akasema Lani. "Korosho. Miaka mingi sana. Kwetu pia kuna korosho. Na nyingine zinakuja kwa meli, kutoka Afrika."

Mama akamsogelea, akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha vidole vyake. Mama anabangua korosho za kuuza pale Ruangwa, na yale mafuta ya ganda, hata ukijipaka majivu kuyazuia, yamemla ngozi ya vidole tangu sijazaliwa. Ncha zote ni nyeusi na zimechubuka. Lani aliushika ule mkono kwa mikono miwili. Akaugeuza, akautazama kiganja, akaugeuza tena. Kisha akauweka usoni pake, akalia. Alilia kwa sauti, kwa lugha ya kwao, na safari hii wanawake wa Nkowe hawakujaribu adabu. Walilia kama wamefiwa na dada, na mimi nikalia nao, na Teddy na masizi yake akalia huku anatutukana kwamba tunampigia kelele maiti wake.

Mgeni rasmi alifika katikati ya hayo. Teddy akamzuia mlangoni, akamvua viatu vyake virefu, akavivaa yeye. Mama yule mgeni alikuwa mstaarabu. Aliketi, akampa Lani pole, akasikiliza nilivyomweleza. Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni.

"Binti, nimekuelewa. Lakini nimekuja kutathmini Siku ya Dunia, na hapa hakuna siku hiyo. Vyuo vingine vimejiandaa, siwezi kuvidhulumu."

Nikamwambia naelewa, asante kwa kuja. Nikamtafutia viatu vyake. Gari lilipotoka getini nilisimama pale nikilitazama, kwa sababu Nairobi ilikuwa imeondoka nalo na hakuna wa kunirudishia. Iliniuma, na ukweli ni kwamba inaniuma kidogo hata sasa.

Niliporudi ndani, simu ya Lani ilikuwa inaita. Alikuwa mama yake, kwa video. Upande ule giza lilikwishaingia, taa zimewashwa, watu wamefunga vitambaa vyeupe kichwani. Lani aliongea akilia, kisha akaigeuza simu polepole ituone: mikeka, wanawake wa Nkowe na khanga zao, Imrani amebeba ndoo ya maji, Teddy na gunia lake. Mama yake akaweka mkono kifuani. Akauliza jambo.

"Anauliza nani mwenye msiba," Lani akatafsiri. "Nani amewaita watu wote hawa. Anataka kumshukuru."

Nikageuka kumtazama mama yangu, kwa kuwa mahali alipo yeye, mkubwa ni yeye. Ndiye anayenisahihisha hata ninavyokoroga uji. Lakini mama alikuwa ameshanyoosha kile kidole chake cheusi, na alinielekezea mimi. Na Imrani naye, na Albina, na Teddy aliyeacha mzaha kwa mara ya kwanza siku ile, na wanawake wote wa Nkowe.

Lani akaleta simu karibu na uso wangu. Yule mama wa mbali akaunganisha viganja, akainamisha kichwa mbele yangu mimi, Raudha wa Nkowe. Nikainamisha changu.

"Poleni sana, mama," nikasema. "Bibi yetu tumemlilia."