Kitovu cha Tunu

Nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba nisiyokuwa na hakika nayo, jua la saa nane mchana linanipiga usoni, na kabla usingizi haujanichukua acha niseme nimefikaje hapa, maana nikishalala mambo yatakwenda yanavyotaka yenyewe. Mwanangu Tunu ana mimba ya miezi minane na anaishi katika mji huu wa Wajerumani, ndiko alikozaliwa, kwa sababu baba yake, marehemu Hoza Shekiondo, mtu wa Muheza, alikuwa koplo katika jeshi la Waingereza, na Waingereza walikuwa na kambi yao hapa tangu vita vikuu vya pili vilipoisha. Siku kitovu cha Tunu kilipodondoka nilikizika nyuma ya nyumba yetu ya kambini, na juu yake nikapanda mche wa tofaa, maana mnazi kwa baridi hii ni kuutafutia kifo. Sasa jeshi limeondoka, nyumba ni tupu, Jumatatu matingatinga yanaingia, na Tunu amenipigia simu Tanga akaniambia, mama, njoo unionyeshe kitovu changu kilipo, cha mwanangu nataka kilale papo hapo, maana nisipopajua kwangu, yeye nitamwambia kwao ni wapi? Nikamjibu kwa kujidai kwamba pale napafika hata macho yakifumbwa. Na leo naziona nyumba mia tatu zenye sura moja, namba zimeng'olewa, nyuma kote ni nyasi, na mimi Mejumaa sijui nianzie wapi. Naona aibu kumwambia. Nimemtuma maji ya kunywa, nafumba macho, naegemea mlango, na mlango unanipisha.

Ndani si ndani, ni barabara, na kandokando yake zimepangwa nyumba zile zile, na nikitembea hatua kumi narudi kwenye nyumba ya kwanza, nikitembea ishirini nyumba ya kwanza inarudi kwangu, wala siogopi, kwani kupotea kumeanza asubuhi na sasa nimekuzoea. Langoni amesimama mlinzi. Chini ya kofia yake hana uso, ni laini kama yai lililomenywa, na sare yake haitulii mwilini, mara ana kofia yenye ncha ya chuma kama askari wa Kaizari wa Ujerumani, mara amevaa kijivu cha vita vile vibaya, mara ana kahawia ya Waingereza na bereti. Ananiambia kwamba kambi hii ameilinda tangu tofali la kwanza, na yeye hachagui bwana, anayekuja na bendera anampigia saluti. Kisha ananitegea kitendawili, nami namwambia tega, kwa kuwa sijazaliwa nitishwe na mtu asiye na pua. Huingia na funguo, anasema, hutoka na funguo, na mlango haukuwa wake. Namjibu ni mwanajeshi, tena hicho ni cha watoto, atafute kingine. Kama amecheka sijui, hana cha kuchekea, ila anafungua lango na tunaongozana.

Kila dirisha tunalopita lina miaka yake. Katika moja naona askari wa mwanzo kabisa, wamekatazwa hata kuwaamkia wenyeji, na wenyeji wanaokota vipande vya sigara vinavyodondoka kwenye magari yao. Katika lingine wamekwishajenga shule yao na duka la chai yao na maziwa yao, na barabara wamezipa majina ya miji ya kwao, ili mtu akienda kununua mkate ajione hajatoka nyumbani. Katika lingine namwona Hoza wangu, mzima, anapiga kiatu rangi huku anaimba kwa Kibondei, na moyo unaniuma, nataka kuingia, lakini kioo ni kioo. Nje ya uzio Wajerumani wanapita na baiskeli zao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo nilivyolelewa, na hawa wamekaa miaka zaidi ya sitini bila mtu kuwapa jembe. Namuuliza mlinzi ni kwa nini. Ananijibu kwamba mwenye bunduki hapewi jembe, hungojwa atoke.

Barabara inakwisha kwenye kidimbwi cha maji ya mvua, na ndani ya kidimbwi kuna mji mwingine umepinduka, tunaingia miguu mbele, na kwa ghafla joto linanikumbatia. Ni kwetu Tanga. Lile ni Boma, limepakwa chokaa, ndani Wajerumani, nje watu wangu, uzio ule ule, duka lao, chai yao. Nacheka hadi mbavu zinauma, kwani kioo hakina adabu, kinamwonyesha kila mtu akiwa mgeni wa mwenzake. Uani anafagia mwanamke aliyejifunga kanga kifuani, na huyu uso anao, ni uso wangu mwenyewe ukiwa na meno mengi zaidi, ni mama wa bibi yangu, Mwanatumu, ambaye nilimjua kwa kusimuliwa tu. Namwamkia, shikamoo bibi. Marahaba kitukuu changu, anasema, mbona umekonda, huko ulikoolewa hawapiki? Namweleza nilichopoteza. Haachi kufagia. Anasema yeye amewafagilia hawa miaka kumi na miwili, amewaona wakija na amewaona wakifungasha, na siku ya kuhama mtu huwa kipofu. Yule bwana wa stoo alikuwa na mwaridi wake, anasema, aliupenda kuliko watu. Siku ya kukimbia akaung'oa na udongo wake wote, akaona hana pa kuubeba, akautupa nje ya ukuta. Namuuliza, ukaenda wapi? Bibi Mwanatumu ananitazama kwa huruma anayotazamwa nayo mpumbavu. Ulichezea kivuli chake utoto wako wote, anasema, mwaridi wa nyumba kubwa ya ukoo wetu ulidhani umetoka mbinguni?

Na hapo hapo fagio linageuka kitambaa cheupe, na kitambaa kinakuwa mkononi mwa afisa wa nyumba, na mimi niko jikoni kwangu kambini, siku ya kuhama kwetu. Aliyeishi kambini anaijua siku hiyo. Nyumba ya jeshi huiachi tu, unaikabidhi, na afisa anapitisha kitambaa juu ya mlango, ndani ya oveni, nyuma ya bomba, na kikitoka na doa unasafisha upya huku majirani wanaona. Mimi sikuwahi kupata doa. Nilisugua hadi kucha zikalainika, nilitaka Waingereza wale waseme mke wa Shekiondo ndiye wa kwanza, na walisema. Lakini karatasi inasema bustani iwe nyasi kama ilivyokutwa, na gari la afisa limeshapiga kona, na tofaa la Tunu limesimama pale, linanifika kiunoni. Naliona tena, mikono yangu inalishika, nataka kujizuia na siwezi, inalivuta na bonge lote la udongo, inatandaza nyasi shimoni, inalirusha ng'ambo ya uzio. Sifa zinaua. Kwa ajili ya kusifiwa usafi nimeutupa mwanzo wa mwanangu.

Mlinzi amesimama penye shimo. Kitendawili, anasema. Tega, namwambia. Nilichokabidhi kinavunjwa, nilichotupa kimeota. Safari hii simwambii ni cha watoto. Nakumbuka lile bonge la udongo lilivyokuwa zito, mizizi imelikumbatia, na ndani ya kumbatio lile kilikuwa kitovu. Nafurahi mpaka nalia.

Mama, mama. Ni Tunu, amenishika bega, chupa ya maji mkononi. Jua halijasogea. Ananiambia kwa upole kwamba kama sipakumbuki si neno. Nasimama, nazunguka nyuma ya nyumba, na ng'ambo ya uzio, nje ya kambi, katika bustani ya wenye mji, pameinuka mti wa tofaa mnene, matawi yake yamelala juu ya senyenge. Mwanamke wa Kijerumani yuko kwenye ngazi anachuma, kichwa kimezama ndani ya majani, uso hauonekani. Tunu anamsemesha kwa Kijerumani, kisha ananitafsiria taratibu, kwamba mama wa mwanamke huyu aliuokota mche hapa siku moja, umetupwa na watu wa jeshi, na katapila haliji upande huu, na tukitaka kuchimba kidogo anatuletea jembe.

Jembe linapitishwa juu ya uzio. Nalipokea, nami naona kucha zangu zimejaa udongo mbichi, na leo sijagusa udongo. Uso wa yule mwanamke bado umo kwenye majani, wala siinami kuuchungulia. Namwambia Tunu, si nilikwambia hata macho yakifumbwa? Kama nimelala, atakayeniamsha angoje kwanza nimwonyeshe mwanangu kwao.