Piza ya Mkunjo na Kisu cha Mtukufu

Nchi ya Tanuria ilikuwa na majimbo mengi, kila jimbo lilikuwa na piza yake, na kila piza ilikuwa na watu walio tayari kukosana na shemeji zao kwa ajili yake. Kule Chumvini, ambako maji ya bahari yaliingia hadi vibarazani, walipaka tui zito badala ya nyanya, kisha wakatandaza pweza aliyepondwa mpaka akalainika. Ukunguni, juu milimani, waliweka uyoga na jibini ya mbuzi yenye harufu ya kumrudisha nyuma mgeni asiyejikaza. Na watu wa Bondeni walisugua kitunguu saumu na pilipili mbuzi juu ya unga wa mtama, wakala huku machozi yakiwatiririka na sifa haziwaishi mdomoni. Msafiri aliyethubutu kuuliza katika stendi yoyote ya nchi hiyo ni wapi piza ni tamu zaidi alikuwa amejiharibia siku, maana huyu angemvuta mkono wa kushoto, yule wa kulia, na basi lingeondoka bila yeye.

Katikati ya majimbo hayo uliketi mji mkuu wa Kitovuni, ambao haukuoka chochote lakini ulikula kila kitu. Hapo alitawala Mtukufu Fumbata, mtu mpana wa mabega na mpana zaidi chini ya mabega, ambaye kisu cha kukatia piza, chenye mpini wa dhahabu, kilining'inia kiunoni mwake hata alipokwenda kuoga. Ikulu, mwenye kisu ndiye aliyechagua kwanza. Mtukufu alikata, akachukua nusu. Mawaziri wakagawana robo. Walinzi wakapewa kingo zilizoungua. Na raia, kila siku ya sherehe, waliruhusiwa kusimama nje ya ukuta wavute harufu, jambo ambalo redio ya taifa ililiita ugawaji wa keki ya nchi.

Ila Mtukufu alikuwa na tatizo moja: shibe yake haikudumu. Kwa sababu hiyo ilitungwa sheria kwamba tanuri lolote litakalomshibisha litabomolewa tofali kwa tofali na kuhamishiwa Ikulu pamoja na mpishi wake, limpikie yeye peke yake daima. Kila mwaka alizunguka majimboni akionja, na kila mwaka tanuri moja lilipandishwa kwenye lori huku bendi ikipiga. Lakini tanuri la Chumvini lilipofika Kitovuni piza zake zilitoka kama kadibodi, la Ukunguni likatoa moshi tu, na uwanja wa Ikulu ukajaa matanuri ya baridi ambayo paka walizalia ndani. Waziri wa Ladha, Bwana Sifuni, mtu mwembamba aliyeishi kwa kutikisa kichwa kutoka juu kwenda chini, alitafakari sana akagundua kosa: piza hizo zilikuwa zimeliwa kinyume cha mila zake. Ikaongezwa sheria ya pili, kwamba tangu sasa Mtukufu atakula kila piza kwa desturi ya mahali pake, la sivyo kushiba kwake hakutahesabika. Mtukufu aliitia saini bila kuisoma, kwa kuwa mezani palikuwa na maandazi.

Majimbo yakajifunza. Mtukufu alipokaribia, wapishi hodari waligeuka wapishi wabovu. Pweza akawa na mchanga, unga ukawa mbichi katikati, na watu waliotukanana mwaka mzima juu ya piza ya nani ni tamu wakaanza kushindana kusema yao haifai hata kwa kuku.

Katika nchi nzima, mtu mmoja tu hakuuweza mchezo huo. Huyo alikuwa Bi Raya wa Mkunjo.

Mkunjo ulikuwa mji mdogo mahali barabara zilipokutana, na mgahawa wa Bi Raya ulikuwa chumba kimoja chenye meza moja ndefu, mabenchi mawili na tanuri la udongo mwekundu alilolijenga mwenyewe, akalibomoa, akalijenga tena, hata likakubali kushika moto anavyotaka. Piza yake ilikuwa ya nyanya zilizochomwa kwanza, jibini ya ng'ombe, dagaa waliokaangwa wakakauka wakalia mdomoni, na ndimu iliyokamuliwa juu wakati piza bado inachemka. Ilitoka pana kama ungo, haikuuzwa kwa kipande, na waliokuwa wameketi, wawe wanajuana au hawajuani, waliila pamoja. Mmoja alishika kisu. Na desturi ya Mkunjo ilikuwa kwamba mwenye kisu huchagua wa mwisho: aliye kuliani kwake huanza, anafuata wa pili, meza nzima, mpaka kibaki kipande kimoja, na hicho ndicho chake. Ndiyo maana wakataji wa Mkunjo walikata polepole, jicho moja limefumbwa na ncha ya ulimi nje. Watu wa hapo waligombana juu ya mipaka, wachumba na mbuzi, lakini juu ya piza hawakugombana hata siku moja.

Habari zilipofika kwamba Mtukufu yuko njiani, Bi Mashavu, mwanamke aliyemuuzia Bi Raya kuni na kumlia piza bila aibu, aliingia jikoni akaziba mlango kwa mwili wake.

"Shoga yangu, leo nakuomba kitu kimoja. Iharibu."

"Niiharibu vipi?"

"Mimi nikufundishe? Mwaga chumvi! Lala usingizi iungue! Ulishasikia mtu ameshindwa kupika vibaya?"

Bi Raya alichukua kopo la chumvi. Alijua kabisa kitakachotokea: nyundo, lori, bendi, kisha maisha yake yote akioka nyuma ya ukuta kwa ajili ya tumbo moja, na Mkunjo ukibaki na doa jeusi mahali tanuri lilipokuwa. Alilipenda lile tanuri kupita kiasi, na hakuona haya kulisema. Akainamisha kopo juu ya nyanya. Mkono ukagoma. Akajaribu tena, akiwa amefumba macho, na mkono ukaweka chumvi ile ile ya kila siku, ukafunga kopo, ukalirudisha kwenye rafu.

"Siwezi," alisema. "Mashavu, nimejaribu. Siwezi."

"Haya," alisema Bi Mashavu akivuta pumzi. "Basi tupike nyingi. Kama ni kuaga, tuage tumeshiba."

Mtukufu Fumbata aliwasili mchana na magari yake, na nyuma ya magari lori, na juu ya lori mafundi wa kubomoa wenye nyundo mabegani. Harufu ilimkuta akiwa bado garini. Alishuka kabla hajafunguliwa mlango, jambo lililowatia walinzi kiwewe, akaingia na kuketi kichwani mwa meza. Bwana Sifuni akaketi upande wake wa kushoto. Upande wa kulia, kabla mlinzi hajasema neno, alikuwa amekwisha kukaa Bi Mashavu, na wenyeji wakajaza mabenchi yaliyobaki, maana desturi ni desturi na sheria ilikuwa upande wao.

Piza ya kwanza ilitua mezani ikitoa mvuke. Bi Raya akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu, baba. Ila hapa kwetu, kabla hujashika kisu, mwenye kisu huwa..."

"Kukata tunajua, mama," alisema Mtukufu, na tayari mpini wa dhahabu ulikuwa mkononi. "Tulizaliwa tukikata."

Watu wa Mkunjo waliangalia dari, wengine wakauma midomo. Mtukufu akakata kama alivyokata maisha yake yote: kipande kimoja chenye nusu ya piza, dagaa wote wakasukumwa humo kwa ncha ya kisu, kisha vipande vyembamba kwa ajili ya wengine, na kimoja cha mwisho, uzi mtupu wa ukingo, kwa bahati mbaya tu. Akaweka kisu chini akanyoosha mkono.

"Subiri, baba," alisema Bi Raya kwa upole. "Hapa mwenye kisu huchagua wa mwisho."

"Nini?"

Bwana Sifuni alitikisa kichwa kutoka juu kwenda chini kwa mazoea, kisha akatambua anachokikubali, akabaki na kidevu juu. "Ni... ni sheria ya pili, Mtukufu. Ulitia saini."

Bi Mashavu hakungoja maelezo. Alikunja ile nusu ya piza kwa mikono miwili akaipeleka mdomoni.

"Asante, baba," alisema, jibini ikining'inia kidevuni. "Umenikatia vizuri. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunikatia hivi."

Kicheko kilipasuka, kikatoka nje kupitia madirishani. Kipande kikafuata kipande, hata Waziri akachukua chake kwa vidole vya woga, na mbele ya mtawala wa Tanuria yote ukabaki ule uzi wa ukingo. Akautafuna. Ulikuwa mtamu kupita kitu chochote alichowahi kula, na uliisha kabla hajaujua.

"Leta nyingine," akasema.

Ya pili akakata vipande vikubwa viwili, akitumaini kwamba kimoja kitasahaulika. Kimoja alikichukua Bi Mashavu, na cha pili akakichukua jirani yake aliyejifunza haraka. Ya tatu alikificha kipande kinono chini ya chembamba, na mkono wa mwenyeji ukakiibua. Kila mara kisu kilikuwa chake na njaa ilikuwa yake. Mkunjo haukuwahi kula vile. Watu waliitana kutoka mitaani, walioshiba waliwaachia nafasi wenye njaa, mtu akaleta ngoma, na Bi Raya, jasho likimtoka na kicheko kikimponyoka, alisahau kabisa kwamba alikuwa akioka kwa ajili ya kuaga.

Hatimaye ilitua piza nyingine, na Mtukufu hakuikata mara moja. Aliitazama. Alivua pete zilizomzuia kushika vizuri, akafumba jicho moja, na ncha ya ulimi wake, taratibu, ikatokeza nje. Ngoma ikanyamaza. Kisu kilipita, kikapita tena, na alipomaliza hakuna aliyeweza kusema kipande kipi ni kikubwa. Bi Mashavu alivikagua kwa muda mrefu, akaguna, akachukua cha karibu. Zamu ikazunguka hadi kwa mwenye kisu. Alikula kipande chake mpaka ukingo, bila haraka, dagaa wakilia mdomoni, na alipomeza aliegemea ukuta akashusha pumzi ndefu iliyotoka mbali sana.

Bi Raya alikiona kile kifua kikitulia. Wapishi huijua pumzi ya mtu aliyeshiba. Pale mlangoni mafundi wa kubomoa walikuwa wamekwisha kusogea, wamesimama na nyundo zao, pua zikielekea mezani.

Bwana Sifuni akainama. "Mtukufu, je, umeshiba? Mafundi wanangoja neno lako tu."

Mtukufu Fumbata aliutazama mdomo wa tanuri uliokuwa mwekundu, akawatazama watu waliokuwa wameacha kutafuna, akakitazama kisu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Bi Raya alijaribu kuusoma uso ule, na mpaka leo akiulizwa husema hajui alichokiona, kama kilikuwa ulafi au haya au kitu kingine kisicho na jina Kitovuni.

"Bado," akasema mtawala. "Sijashiba."

Akajifuta mdomo kwa mkono. "Leo sijashiba. Sijui kesho."

Bi Raya alikuwa amekwisha kulishika donge jingine la unga, akalipiga ubaoni kwa nguvu hata majivu yakaruka, kisha akawageukia mafundi.

"Na nyinyi mmesimama nini? Wekeni nyundo hapo nje, mkanawe mikono."

Wakatazamana. Nyundo zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, zikigonga sakafu ya barazani. Benchi lilikuwa limejaa pomoni. Bi Raya akamgusa Mtukufu bega kwa mkono wake wenye unga.

"Sogea kidogo, baba. Wenzako wakae."

Naye, kisu bado mkononi, akasogea.