Mwavuli Nyuma ya Goli

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hujiona mjanja kwa sababu anajua vipimo vya matumbo ya watu. Ujanja huo ndio ulionipeleka Baraka Jumatatu ile ya Pentekoste, timu ya Kazimia ilipokuja kucheza mpira. Ningekuwa mjinga wa kawaida, ningebaki Fizi nikashona suruali.

Watoto wangu wawili, Florentine na mdogo wake Norbert, hawakuwa na habari nyingine midomoni. Mjomba wao Albert, mdogo wa mke wangu Constance, ndiye aliyekuwa mlinda goli wa Baraka. Florentine alikuwa amemwahidi kwamba atasimama nyuma ya goli lake yeye na baba yake, wamwangalie pamoja. Mimi nami nikajipalia makaa: nikaapa mbele ya majirani kwamba nitawapeleka, na kwamba nitawaeleza watoto mpira wote, kwa sababu mpira naujua. Mpira wenyewe nilikuwa nimeucheza mara moja, nikaumia kidole.

Constance alikuwa ananyonyesha, akabaki nyumbani. Lakini kabla hatujatoka alinishika mkono.

"Baba Florentine, Mama anakaa palepale Baraka. Mukikutana, utaenda wapi?"

Swali lilikuwa zito. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akija njia hii, wewe unaingia majanini. Hamli pamoja, hamgusani, na jina lako yeye halitaji. Tangu nimwoe Constance, mama yake, Mama Marthe, nilikuwa namjua kwa sauti na kwa visigino tu. Na yuko mjomba wa Constance, mzee Eugène, wa hukohuko Baraka, mtu wa kulinda heshima ya ukoo. Alikwisha kumrudisha kwao binti mmoja kwa sababu mumewe alikutana na mama mkwe kisimani akasahau kugeuka.

"Usiogope," nilimwambia. "Mama yako hapendi mupira. Alisema mwenyewe ni kazi ya bapumbafu."

"Ukimuletea aibu mbele ya bantu, mujomba Eugène atakuja kunikamata. Na mi nitaenda."

Alisema hivyo bila kucheka. Nikachukua mwavuli wangu mweusi, basi tu, kwa tahadhari.

Tukashuka na kamio, lori la kubeba pamba, tumekaa juu ya magunia. Tulifika Baraka vichwa vyeupe kama wazee watatu. Uwanja ulikuwa umejaa hadi barabarani. Wamama wa Kazimia walikuwa wamekuja na timu yao kwa mitumbwi, wakipiga madebe hata usisikie mawazo yako mwenyewe. Padri mmoja ndiye aliyekuwa mwamuzi, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni. Florentine akatuvuta moja kwa moja hadi nyuma ya goli la Baraka. Albert akageuka, akamwona, akacheka. Mimi nikaanza kuwaeleza watu waliokuwa karibu, kwa sauti kubwa, jinsi mlinda goli anavyopaswa kupanua miguu.

Hapo nikasikia sauti.

"Albert! Fungua macho! Nilikuzaa na mikono mbili, tumia yote!"

Mama Marthe, asiyependa mpira, alikuwa upande wa pili wa nguzo ya goli, mwiko wa ugali mkononi, akiuzungusha hewani. Nilifungua mwavuli kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia katika kazi yoyote. Nikaushusha hadi kifuani. Nikajipongeza.

"We mwenye mwavuli!" walipiga kelele watu wa nyuma. "Mvua iko wapi?"

"Iko nakuja," nilijibu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kuazima.

Sasa niwaambie niliona nini katika mechi ile ambayo wazee wa Baraka bado wanaisimulia. Niliona nyasi. Niliona miguu ya watu. Niliona buibui mmoja ndani ya mwavuli, naye pia alionekana kuchoka nami. Kila sauti ya Mama Marthe iliposogea, mimi niliuzungusha mwavuli upande huo, huku Norbert akiniuliza kama nimepatwa na kizunguzungu. Mtaalamu wa mpira alielezwa mpira na binti yake.

"Baba, Kazimia wametia goli."

"Vizuri. Hapana, vibaya."

"Baba, nasi tumerudisha."

Mchezo ulipokaribia kwisha, madebe ya Kazimia yakalia kuliko mwanzo. Florentine akalivuta koti langu.

"Baba, padri ametoa penalti. Albert iko peke yake. Funga mwavuli."

"Siwezi, mama."

"Nilimwambia tutamuangalia pamoja. Amegeuka, ananiuliza na mukono baba yako iko wapi. Mi nimuambie nini?"

Nikachungulia chini ya ukingo wa mwavuli, nikaona machozi yamemjaa. Nampenda mtoto yule, na wakati ule nilijiona mtu mdogo kabisa. Nikawaza: watu wote wanautazama mpira, hata Mama Marthe; nani atakuwa na nafasi ya kuniona mimi? Nikaufunga.

Mchezaji wa Kazimia akakimbia, akapiga. Albert akaruka upande wake wa kushoto, akaudaka mpira, akaanguka nao kifuani.

Sikumbuki kuutupa mwavuli. Nakumbuka niliruka, nikapiga kelele, na nikajikuta nimekumbatiana na mtu, tunarukaruka pamoja, kitu kigumu kikinigonga mgongoni. "Mwanangu! Mwanangu!" alilia yule mtu. Kile kitu kigumu kilikuwa mwiko.

Tuliachiana kama tumeshika kaa la moto. Madebe yalinyamaza, kwanza ya karibu, kisha ya mbali. Padri naye alipiga filimbi, akidhani kuna mtu ameumia.

Mzee Eugène hakungoja kesho. Wakati wenzetu wanacheza na kuimba, sisi tulikuwa uani kwake. Mimi nimekaa nimeelekea ukuta. Mama Marthe yuko ndani, nyuma ya mlango. Nilimfikiria Constance anakunja nguo zake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu juu ya upepo ulionisukuma.

"Nani alimukamata mwenzake?" akauliza mzee Eugène.

Kabla sijafika kwenye upepo, Florentine akajibu, akionyesha mlango aliko bibi yake.

"Ni koko. Baba aliruka peke yake. Koko akakuja mbio, akamukamata."

Mkwe akikosa, anatoa mbuzi, au mke anarudishwa. Mama mkwe akikosa, hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Kisha mlango ukalia.

"Mutoto anasema kweli," alisema Mama Marthe. "Na nilimujua. Ule mwavuli niliuona tangu mbele ya mupira kuanza. Ni nani mwingine atajificha na kuacha miguu yote inje?"

"Ulimujua, na ukamukamata?"

"Eugène, mi nazeeka. Nikiingia kwa Constance, mukwe anatoka na mulango ya nyuma. Nitakufa bila kujua sura ya muntu anakula na mutoto yangu? Leo nilikuwa na furaha, nikaona muntu wa kwetu iko nayo vilevile. Mbuzi nitatoa miye."

Nililia, nikiwa bado nimeelekea ukuta. Ukuta ule naujua hadi leo.

"Geuka basi," mzee Eugène akaniambia kwa uchovu.

Niligeuka kwa woga. Ulikuwa uso wa Constance, umezeeka tu kidogo.

Mbuzi aliliwa. Constance alibaki kwangu, na akacheka juma zima kila alipouona mwavuli. Timu ya Nundu ilipokuja Baraka, tulisimama palepale nyuma ya goli, mimi mbele na maelezo yangu, Mama Marthe nyuma na mwiko wake.

"Raphaël!" akaita. "Toka mbele, uko nanifichia Albert!"

Hakuwa amewahi kulitaja jina langu kabla ya siku ile. Nilisikia vizuri sana, na sikutoka, ili aniite tena.